Nafasi Tupu Baada ya Hodi

Mama yangu amezipenda nyimbo za kantri maisha yake yote bila kuelewa hata neno moja. Kule Molo nilikolelewa, redio ya betri ilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye boma la ng'ombe, na kila Jumapili asubuhi kabla ya kanisa kulikuwa na kipindi cha nyimbo hizo. Mama alikamua huku machozi yakimtiririka. Machozi ya kweli, bana, si ya moshi. Mimi nilikuwa nimeanza kujua Kiingereza shuleni, ujuaji umenijaa hadi hapa, kwa hiyo siku moja nikamwambia, "Mama, huyu unayemlilia anaimba kuhusu lori lake lililoharibika." Hata hakunitazama. Akasema, "Nyamaza. Wewe unasikiliza maneno, mimi namsikiliza mtu." Kisha akanituma nipeleke maziwa.

Siku hizi naishi Mansfield, Texas. Nauguza wagonjwa katika hospitali moja ya Fort Worth, nina mume, nina watoto wawili ambao nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, na ninaimba kantri. Wamarekani wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza tena kama wamesikia vizuri. Wakenya hawaulizi. Kwetu kantri ni muziki wa nyumbani kabisa. Nenda harusi yoyote kule milimani, utamkuta mzee mwenye kofia pana, amefumba macho, anaimba juu ya mji wa Marekani ambao hawezi kuuonyesha kwenye ramani.

Kwa hiyo kuimba niliimba, lakini kwa namna gani? Kwenye sherehe za Wakenya: mtoto amehitimu, mtu amejenga, kanisa linachangisha. Nilikwenda na gitaa langu na kompyuta iliyobeba ala zilizorekodiwa, nikaimba nyimbo za watu wengine, na watu wakanigeuzia mgongo wakipanga foleni ya nyama choma. Nikinyamaza kidogo, kuna mmoja angepaza sauti huku anatafuna, "Imba tu, sista, tunakusikia!" Walikuwa wananisikia vile unavyosikia friji. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, na kuna siku niliimba ubeti mzima nikiwa nimeukazia macho mgongo wa mtu mmoja aliyevaa shati la maua.

Halafu dada yangu aliyebaki nyumbani akanipigia simu. Alikuwa amempeleka mama Nakuru kwa daktari wa masikio. La kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia linaenda. Daktari hakusema lini, alisema tu kwamba halirudi. Nikaomba niongee na mama mwenyewe, nikajikaza nisilie, na yeye akawa anacheka tu, kama kawaida yake. "Ni hii redio ndiyo imezeeka," akaniambia kwa kelele. "Siku hizi inanong'ona."

Woi! Maneno hayo yalinichoma. Mimi tangu nikiwa msichana nilikuwa na ndoto moja, nayo nilikuwa naiahirisha kila mwaka: kumtungia mama wimbo wa kantri wa kwangu mwenyewe, kwa Kiswahili, lugha tuliyoongea Molo mezani na kwa majirani wa kila kabila, ili kwa mara ya kwanza amsikie mtu na amsikie na maneno yake. Sikutaka ala za kompyuta. Nilitaka lile gitaa la chuma linalolazwa kama meza, lile ambalo hulia, maana ndilo lililokuwa likimtoa mama machozi pale bomani. Sasa ikawa nimekimbizwa na sikio moja.

Nikaanza kutafuta ukumbi na wapigaji peke yangu. Nikapiga simu, nikaacha ujumbe, nikaandika, nikangoja. Kimya. Mahali pamoja palikuwa na jukwaa zuri la mbao, na nilipompata mwenyewe kwenye simu nilijieleza vizuri kabisa: naimba kantri, nina gitaa, nina sauti. Akasikiliza lafudhi yangu, akaniambia kwa upole, "Nyimbo za injili huwa tunaweka Jumapili, mama. Piga Jumapili." Injili! Mimi nilikuwa nimetaja injili saa ngapi? Nilikata simu, nikaenda kuosha vyombo kwa kelele nyingi sana, na mume wangu akaamua kwenda kukata nyasi ingawa alikuwa amezikata siku iliyotangulia.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mwenzangu wa zamu, Mtexas wa kuzaliwa, ambaye mumewe hupiga gitaa la besi. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana nikimwaga malalamiko yangu, akanikata kauli. "Shida yako si lafudhi," akasema. "Shida yako ni kwamba uko peke yako. Hakuna anayekujua, kwa hiyo hakuna anayeweza kukusemea." Akanieleza kuhusu chama cha wanamuziki ambacho mumewe alikuwa mwanachama, cha waimbaji wa kantri wasio na kampuni nyuma yao, watu wanaojitegemea. Walikutana jioni moja kila mwezi katika chumba kilicho nyuma ya duka la ala za muziki, Fort Worth.

Sasa, ukimwambia Mkenya neno chama, yeye anajua chama: michango, maombi na chai. Nilijiandaa kama ninavyojua. Nilikaanga mandazi, nikajaza chupa ya chai, nikavaa kama tunavyovaa kwetu usiku wa kantri: buti zenye ncha, mkanda wenye kichwa cha ng'ombe dume, shati la mishororo ya shanga, na kofia pana nyeupe. Mume wangu alinitazama kutoka juu hadi chini. "Unaenda kuimba ama unaenda kununua ng'ombe?" Nikamwambia aende huko.

Nikaingia. Ai, Mungu wangu! Watu wote walikuwa wamevaa kaptura na slipa. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye mvi na miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa na fulana iliyotoboka kwapani. Watexas halisi, waliozaliwa kwenye muziki wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyevaa kofia. Nilikaa nyuma na kofia yangu mapajani, kubwa kama sinia. Kisha nikangoja maombi ya kufungua mkutano. Nilipoona mwenyekiti ameanza kuongea bila maombi nikadhani amesahau, nikanyoosha mkono kumkumbusha. Akafikiri nataka kujitambulisha. Basi nikasimama, nikawasalimu katika jina la Bwana, nikataja ninakotoka, ninakofanya kazi, idadi ya watoto wangu, na kwamba nimekuja na chai. Halafu mzee mmoja mwembamba pale pembeni akauliza, "Chai yenyewe iko wapi?" Mandazi yaliisha kabla ya ajenda ya pili.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa mpigaji wa lile gitaa linalolia. Alikuwa amezunguka na bendi za watu tangu ujana, magoti yamemfia, maneno ni machache, na hana breki mdomoni. Hilo la breki nililigundua mwezi uliofuata.

Chama kile kilikuwa na utaratibu wake. Wanakaa duara, kila mmoja anaimba wimbo aliotunga mwenyewe, na wengine wananyamaza kimya kabisa hadi mwisho. Hakuna kupiga makofi katikati, hakuna kuitikia, hakuna kwenda chooni. Halafu wanausema wimbo wako mbele yako. Mimi niliimba wimbo niliokuwa nimeutunga kwa Kiingereza, nao ulikuwa na kila kitu: wiski, lori jekundu, mto, mwanamke aliyeondoka. Nilipomaliza, mzee akajikuna kidevu.

"Wewe hunywa wiski?"

"Mimi nimeokoka!"

"Una lori?"

"Nina gari dogo."

"Basi huyu anayeimba ni nani?" akauliza. "Maana wewe sijakusikia."

Niliendesha gari kwenye barabara kuu hadi Mansfield nikiongea peke yangu. Nilimjibu yule mzee majibu mazuri sana njia nzima, majibu ambayo pale chumbani hayakuwa yamenijia. Nilipofika nikamsimulia mume wangu nikitegemea aungane nami. Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini mzee amesema ukweli." Nikamwambia na yeye anyamaze. Ila nilikuwa nimeshajua. Mama alikuwa ameniambia maneno yale yale nikiwa na ndoo ya maziwa mkononi, na mimi nikayapuuza.

Wimbo wenyewe ulikuja kwa mlango wa nyumba yangu. Mimi nikirudi kutoka kazini hupiga hodi, hata nikiwa na ufunguo. Ni mazoea tu niliyolelewa nayo, kwamba hata kwa mama yako huingii kimya kama mwizi. Alasiri moja nikapiga hodi, kimya. Nikapiga tena. Watoto walikuwa sebuleni wamejaza vidude masikioni. Binti yangu akainua macho, akaniambia kwa Kiingereza chake cha hapa kwamba mlango uko wazi na ufunguo ninao, sasa namngoja nani? Nikataka kumkaripia, lakini nikageuka kuutazama mlango. Nilikuwa nimemwona mama akilini, siku ambayo nitapiga hodi langoni kwake na yeye awe amekaa pale ndani, asisikie.

Nikaingia chumbani na viatu, nikachukua gitaa. Beti zilikuwa za vitu ninavyovijua: umande wa Molo unavyoloweka soksi, maziwa ya kwanza yanavyopiga kelele kwenye ndoo tupu, mwanamke aliyevaa sare ya hospitali akiwaza boma. Kiitikio kikawa hiki:

*Hodi, mama, hodi, nimetoka mbali, hodi,*
*miguu ina vumbi la nchi za watu, hodi.*

Niliupeleka kwenye duara nikiwa na wasiwasi mwingi, maana nani pale angeelewa Kiswahili? Wakanyamaza hadi mwisho kama kawaida yao. Mwenyekiti akavua miwani. Mzee akaniuliza, "Hilo neno linalorudi rudi ni nini?"

Nikamweleza. Ukifika kwa mtu husemi kwa ngumi mlangoni, unasema kwa mdomo. Unasema hodi, unasimama, na wa ndani anakukaribisha.

"Na katika wimbo nani anajibu?"

"Hakuna. Wimbo unaendelea."

"Kwa nini unaendelea? Umefika kwa mtu, umeita, na hata hujamngoja ajibu ukapita." Akalivuta gitaa lake karibu. "Kila ukisema hodi ya mwisho wa mstari, nyamaza. Mimi pia nitainua mikono. Paache patupu."

Nilibishana naye, nisiseme uongo. Kwetu muziki ukinyamaza katikati, watu wanajua stima imepotea. Nikamwambia watafikiri nimesahau maneno. Nikamwambia niweke hata mluzi hapo, au besi ilie kidogo. Mzee akatingisha kichwa tu. Tulijaribu, na ile nafasi tupu ilinitisha mwili mzima. Ilikuwa fupi, pumzi mbili hivi, lakini nilitamani kukimbia. Wanachama wote walisema iachwe, nikaiacha.

Watu huniuliza chama kile kilinisaidia nini hasa, wakitegemea nitaje pesa. Nitasema kilichonisaidia. Mwenyekiti alikaa nami alasiri nzima jikoni kwangu akinionyesha jinsi ya kusajili wimbo uwe wangu kisheria, jambo ambalo sikujua hata lipo. Mume wa mwenzangu akanipigia besi, na mimi nikaimba sauti ya pili kwenye nyimbo zake, tukaenda pamoja kwenye mikahawa midogo ya Mansfield na Arlington ambayo wenyewe wasingepokea hata simu yangu nikiwa peke yangu. Mwenye jukwaa la mbao, yule wa injili, alipigiwa simu na mwenyekiti, na wiki hiyo hiyo akanitafuta mwenyewe. Sauti yangu ilikuwa ile ile na lafudhi ile ile. Nilikuwa nimepata watu wa kunisemea, basi.

Na mimi nilileta ya kwetu. Mzee alikwenda kufanyiwa upasuaji wa goti, na kwenye mkutano uliofuata ikatangazwa tu, tumtakie afueni, ajenda inayofuata. Nikanyoosha mkono. "Tunaenda kumwona lini?"

"Nani?" mwenyekiti akauliza.

"Sisi. Chama."

Wakatazamana. Haki ya Mungu, ilikuwa haijawahi kuwajia. Nikawaambia kwetu chama kisichomwona mgonjwa si chama, ni foleni. Nikachemsha supu ya mifupa, tukajipakia kwenye gari, mwenyekiti, mwenzangu, mumewe na mimi, tukamkuta mzee peke yake kwenye kiti na runinga inaongea. Nilipiga hodi mlangoni kwa nguvu. Alinywa supu bakuli baada ya bakuli na akalalamika kwamba haina pilipili. Tangu siku hiyo wana zamu ya kuwaona wagonjwa, na mimi ndiye wamenipa kazi ya kuisimamia, kama vile kazini sioni wagonjwa wa kutosha.

Kisha ikaja habari ya Houston. Mara moja kwa mwaka chama chetu na wenzao wa kule huandaa onyesho la mchana, na wenye kumbi huja kusikiliza sura mpya. Wanachama ndio wanaochagua nani aende. Jina langu liliposomwa nilipiga yowe, nikamkumbatia mwenyekiti na miwani yake, nikatoka nje kumpigia dada yangu. Nilimuuliza jambo moja tu: la kulia bado linasikia? Akasema, "Linasikia ukimkaribia. Fanya haraka." Onyesho lilikuwa baada ya wiki chache, na mzee alikuwa bado anatembea kwa kuegemea fremu. Akaniambia atapiga hata wakimfunga kwenye kiti.

Houston nina watu. Nilipotoka Kenya nilianzia Gulfton, kwenye yale magorofa yaliyobanana, nikiishi na Wakenya wenzangu, na jirani yetu wa mlango kwa mlango alikuwa mama wa Kikongo aliyetufundisha kupika samaki wa chumvi na kutugombeza kama watoto wake. Nilipompigia akasema atakuja na kwaya nzima ya kanisa lao. Hapo nikapata hofu. Nawajua. Wimbo ukiwagusa wanainuka, wanakuja mbele wakicheza, wanakufunga leso mabegani huku unaimba, na vigelegele juu. Nikamwambia, "Mama, nakuomba. Huko watu hukaa kimya. Hakuna vigelegele, hakuna kucheza, hakuna leso, hakuna kuitikia."

Akashangaa sana. "Sasa binti yangu, hiyo ni fête, ni sherehe, ao ni matanga?"

"Mama, tafadhali."

"Sawa, sawa. Tutanyamaza kama wafu."

Tukaondoka Jumamosi alfajiri. Ukumbi ulikuwa wa mbao, viti vya kukunja, watu wengi wazee, na safari hii kofia zilikuwepo kweli. Nilikuwa nimepangiwa saa tano mchana, ambayo Molo ni saa moja jioni, ng'ombe wameshakamuliwa. Dada yangu alikuwa jikoni na mama, simu mkononi. Mume wangu akatafuta mahali pa kuiweka simu yangu ya video, ambapo sauti ingemfikia mama vizuri, akaona hakuna pazuri kuliko kwenye stuli kando yangu, karibu kabisa na maikrofoni. Nikainama kutazama kioo cha simu. Sikumwona uso. Mama alikuwa ameibandika simu kwenye sikio lake la kulia, kwa hiyo nilichoona ni sikio tu, kubwa, na ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Niliimba wimbo wa kwanza kwa Kiingereza, wakapiga makofi ya adabu. Kisha nikasema, "Huu ni wa mama yangu," mzee akashusha chuma chake kwenye nyuzi, na gitaa likalia kama lilivyokuwa likilia kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikaimba ubeti, nikafika kwenye kiitikio. *Hodi, mama, hodi.* Nikanyamaza. Mzee akainua mikono. Kimya.

Kwenye mstari wa pili wa viti kulikuwa na kwaya ya Gulfton, na nilipowatazama nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtu wa kwetu hawezi kuisikia hodi akaiacha hewani. Walikuwa wameibana midomo, wameshikana mikono, na mama wa Kikongo goti lilikuwa linamruka. Walikuwa wameniahidi, masikini, na ahadi ilikuwa inawaua.

Kiitikio cha pili, hodi, kimya tena. Nikatupia jicho stuli. Sikio lilikuwa pale pale, halijasogea. Sikujua kama linasikia au nalitazama tu. Nilimwona kizee mmoja wa Kitexas kwenye mstari wa mbele amevua kofia na anajifuta macho nayo, neno moja haelewi, na wazo likanijia: huyu anasikia, na mama je? Ubeti wa mwisho niliuimba nikiwa nimelitazama lile sikio peke yake, nimesahau wenye kumbi na Houston yote.

*Hodi, mama, hodi, nimetoka mbali, hodi.*

Nikanyamaza. Mikono ya mzee ikapanda juu.

"Karibu!"

Ilitoka kwenye simu, ikaingia kwenye maikrofoni, ikajaa ukumbi hadi darini. Sauti ya mama, ile ya kupiga kelele ya mtu asiyejisikia mwenyewe. "Karibu! Nani huyo?"

Na hapo Gulfton ikavunjika. "Karibuuu!" Mstari mzima ulisimama, vigelegele vikapasuka, leso ikatoka ndani ya mkoba ambamo ilikuwa imefichwa muda wote huo, na Watexas wakageuka, wakaona, wakasimama nao bila kujua kwa nini. Mimi sauti ilikuwa imekwisha. Mzee alinitazama, akaelewa, akarudisha mikono yake kwenye nyuzi na kuendelea polepole peke yake.

Nikaokota simu. Sasa niliuona uso, machozi yanamtiririka kama Jumapili zile zote.

"Ni mimi, mama," nikasema kwa nguvu zangu zote. "Niko hapa mlangoni."

"Nimekusikia," akasema. "Ingia basi, chai inapoa."